Sura Yangu Kwenye Bango Lao

Jumapili, Machi 1999. Minneapolis.

Leo hakuna baridi kali. Theluji ya pembeni mwa barabara imekuwa nyeusi kama masizi, na maji yanachuruzika kutoka kwenye mapaa tangu asubuhi. Watu wanatembea na makoti wazi kana kwamba ni kiangazi. Mimi bado nimevaa sweta mbili.

Sina huzuni. Nimejichunguza mchana kutwa, kama mtu anayepapasa kwa ulimi pale jino lilipong'olewa, na sijahisi kitu. Labda itakuja baadaye. Ngoja niandike wakati kichwa bado kimetulia.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Wanaosoma ukurasa huu wa mtandao ni wachache, wengi wao wanafunzi wenzangu kutoka nyumbani ambao hawajui jina langu kamili. Wale ninaotaka kuwataja leo hawajui lugha hii, ukiacha "jambo" na "asante", maneno ambayo huniambia kila ninaposhuka jukwaani.

Nilijiunga na kikundi chao cha maigizo mwaka juzi. Ni kikundi cha wanawake, wanafanyia mazoezi kwenye jengo lililokuwa duka la magodoro, kusini mwa mji. Kiongozi ni Meredith, mama wa miaka hamsini na kitu, nywele za mvi zimekatwa fupi, sauti ya upole ambayo haipandi hata akikasirika. Beth ndiye wa matangazo. Wengine ni walimu, wanasheria, mke wa daktari mmoja. Wanaandamana, wanasaini maombi, hawali zabibu za mashamba yanayonyanyasa vibarua. Ni watu wema. Nasema hivyo bila kejeli.

Tangu nifike nchi hii hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nafikiri nini juu ya jambo lolote. Meredith aliniuliza.

Ndiyo maana yeye ndiye mtu wa kwanza kabisa niliyemwambia kwamba napenda wanawake. Tulikuwa kwenye gari lake, tunasubiri barafu ya kioo iyeyuke. Alinishika mkono, akanishukuru kwa kumwamini. Kwenye mkutano wa wiki iliyofuata akasema kwamba kati yetu kuna dada anayebeba mizigo mitatu kwa mpigo: ni mweusi, ni mhamiaji, na halafu akataja lile neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili sijalipatia tafsiri isiyo tusi. Wote wakanigeukia, macho yamelegea kwa huruma.

Mimi sikuwa nimesema kwamba nimebeba kitu.

Baada ya hapo, wafadhili wakija kututembelea, nilikuwa naitwa nikae mbele. Jukwaani nilipewa mkimbizi, nikapewa mtumwa, nikapewa mama anayelilia mtoto. Mara moja nilikuwa mti, lakini hata huo ulikuwa mti wa Afrika. Shuleni Moshi nilikuwa mchekeshaji. Nilikuwa nikimwigiza mwalimu wa zamu mpaka wasichana wanadondoka kwenye viti. Nilimwambia Meredith kwamba ningependa kujaribu kuchekesha. Akanitazama kwa makini, akasema sura yangu ina uzito mno.

Kwa onyesho la mwaka huu, lililohusu wanawake wanaopendana, aliniomba niandike kipande changu mwenyewe nikiseme. Nikaandika juu ya Haika, tuliyesoma naye bweni. Kiliandikika vizuri. Kilikuwa na sehemu mbili za kuchekesha. Nilitoa sharti moja tu: sura yangu na jina langu visiwe kwenye matangazo. Nilieleza kwa nini. Nilikuwa naishi Crystal, kitongoji cha hapa, kwa Dada Upendo, mtoto wa mama yangu mkubwa, pamoja na mume wake na watoto wao. Jumapili mchana tulikuwa tunasali ibada ya Kiswahili na Watanzania na Wakenya, kwenye kanisa la Kilutheri tunaloazimwa. Nilikuwa naimba alto.

Meredith akasema, "Usalama wako kwanza, Ndeshi." Beth akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona.

Mwezi uliopita nikakutana na sura yangu kwenye dirisha la duka la kahawa. Ilikuwa picha ya onyesho la zamani, nikiwa yule mama anayelia. Mdomo wazi, shingo imekaza mishipa. Chini yake jina langu lote, na maneno makubwa kwamba Afrika imeninyamazisha lakini hapa nitasikika.

Nilisimama pale barafuni nikijisoma. Nilichofikiri kwanza ni kwamba hiyo picha wameikata vibaya.

Beth alisema mtu wa kiwanda cha chapa alikuwa na haraka, na picha hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Halafu akaniuliza, kwa dhati kabisa, kama kweli watu wa kanisani kwetu huwa wanafika maeneo haya. Mabango kadhaa yakatolewa. Lakini gazeti moja la bure, lile linalowekwa milangoni mwa maduka, lilikuwa limeshapewa picha.

Mama Glory wa kwaya anafanya kazi kantini ya kampuni moja huko Golden Valley. Watu huacha magazeti mezani. Alilichukua kufungia chupa, akaniona.

Hakuniambia mimi. Alimpa shemeji baada ya ibada, pale mlangoni. Mimi nilikuwa natundika majoho ya kwaya, nikawaona wameinamisha vichwa pamoja wakisoma. Mama Glory akaniangalia, akashusha macho haraka. Nikaendelea kutundika majoho. Nilipofika nyuma kabisa ya kabati nilikuwa nimeshajua.

Nyumbani shemeji aliwachukua watoto akatoka nao. Dada Upendo alikuwa jikoni anachambua maharage. Gazeti lilikuwa mezani, limekunjwa sura yangu ikiwa juu.

"Ndeshi, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Haya waliyoandika ni ya mchezo tu, si ndiyo? Umeigiza."

Aliuliza huku ameshanijibia. Alikuwa amenifungulia mlango, kilichobaki ni mimi kupita. Ningesema ndiyo, angemweleza shemeji, shemeji angemweleza Mama Glory, na Jumapili inayofuata ningeimba alto. Nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Sikuwa na ujasiri wowote. Nadhani nilikuwa nimechoka tu watu kunieleza mimi ni nani, huku na kule.

"Si mchezo, dada."

Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni.

"Tangu lini?"

"Tangu shuleni."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Asijue." Akatoa jiwe jingine. "Shemeji yako amesema hawezi kukaa nyumba moja na jambo hili, na watoto wapo. Mimi sijui nimwambie nini. Sijui, Ndeshi. Usiniangalie hivyo."

Nikaenda kufungasha. Nilipotoka chumbani nilimkuta amewasha pasi, anapiga pasi sare zangu za kazini, moja baada ya nyingine, hata ile niliyokwisha kuipiga pasi. Alikuwa analia bila sauti na mvuke wa pasi unampanda usoni. Nikapokea sare kwenye henga, nikazitundika garini.

Jioni ile kulikuwa na mazoezi. Nikaenda, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na kwa sababu nilidhani hawa ndio watu wenyewe. Miaka yote wanaigiza habari za wanawake waliofukuzwa makwao. Sasa wamepata mmoja, yupo mlangoni, ana sanduku.

Nikawaeleza kwa kifupi. Wakavuta viti, wakafanya duara.

Beth alilia wa kwanza. Alisema hatajisamehe, alisema mara nyingi, mpaka nikajikuta nimemkumbatia nampigapiga mgongoni. Meredith alisema hili ndilo tunalopigania. Mwingine akasema anahisi hasira yangu mwilini mwake. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na njaa.

"Nahitaji mahali pa kulala," nikasema. "Wiki mbili tatu, mpaka nipate chumba."

Kukawa kimya. Hakikuwa kimya kibaya. Kilikuwa kimya cha watu ambao kila mmoja anapita kwenye nyumba yake akikagua chumba kimoja kimoja.

Meredith ana chumba cha wageni, lakini mume wake ameanza kuandikia humo. Mke wa daktari ana mbwa mkali. Beth alisema kwa hali aliyonayo sasa hawezi kuwa msaada kwa mtu. Kris, ambaye naye anaishi na mwanamke wake, na ambaye kwake nilikuwa nimeshapiga hesabu za kochi, alisema mwenzake anapitia kipindi kigumu na anahitaji utulivu. Alisema huku anaangalia viatu vyake.

Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo ninalolirudia. Hakuna aliyedanganya.

Mwisho wakanipa kadi waliyosaini wote, na kikapu chenye mshumaa na majani ya chai ya maua. Wakaniambia wapo kwa ajili yangu. Sikuuliza wapo wapi.

Nililala garini. Sitaki kuandika habari zake.

Asubuhi nikaenda kazini Richfield, kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, Mmarekani mweusi. Binti yake, Loretta, anaendesha basi la jiji na huja kumwona kabla ya zamu. Ni mwanamke mkubwa, mwenye maneno machache. Siku hiyo aliegesha karibu na gari langu, akaona mto na blanketi kiti cha nyuma na sare zinaning'inia dirishani. Alinikuta namlisha mama yake uji.

"Unalala mle?"

"Jana tu."

"Chumba cha mama kipo wazi. Kuna paka. Usimpe maziwa, yanamharisha."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuuliza nimefanya nini.

Nilimweleza mwenyewe siku chache baadaye, mezani kwake. Nilipotaja jina la Meredith aliweka uma chini.

"Picha yangu bado ipo pale mlangoni?"

Nikamtazama upya. Kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo la kikundi kuna picha mbili kubwa kuliko zote. Moja yangu, ya juzijuzi. Nyingine ya mwanamke mweusi mwembamba, ngumi juu, mdomo wazi anacheka. Picha hiyo ipo kwenye kila kipeperushi chao. Niliwahi kuuliza ni nani, wakaniambia ni mwenzetu mmoja aliyechoka akaomba kupumzika.

"Sikuchoka," Loretta alisema. "Niliugua. Nilifanyiwa upasuaji, sikuruhusiwa kuendesha gari. Nikawaomba mtu wa kunipeleka kliniki na kunirudisha. Wakasema watalijadili kwenye mkutano." Akachukua uma wake. "Walinitumia kaseti ya sauti za mawimbi. Eti nitulie."

Alianza kucheka yeye. Nami nikacheka, tukacheka sana, mpaka paka akatoka chumbani. Kisha akanieleza kwamba alipowaambia yuko na mwanamke, hapo ndipo walipoanza kumweka mbele kwenye kila kitu. Kabla yake kulikuwa na mwingine, Mhindi Mwekundu wa hapahapa Minnesota. Hata yeye alikuwa na picha. Loretta ndiye aliyechukua nafasi yake ukutani, na hakuwahi kujiuliza yule alikwenda wapi.

Wiki hiyohiyo Meredith akanipigia simu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata usingizi mzuri. Alikuwa ameandika tukio jipya, kutokana na yaliyonipata. Kipande cha Haika kingepunguzwa ili nafasi ipatikane. Ningesimama katikati na sanduku, ngoma ikilia, na wanawake walionizunguka wangenipa kisogo mmoja mmoja.

"Utasema kwa Kiswahili," alisema. "Maneno yoyote. Watu watakuelewa kwa moyo."

"Dada yangu hakunipa kisogo," nikamwambia. "Alinipigia pasi sare."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo, lakini jukwaani hilo halitaonekana."

Nikamwambia sitakuja tena. Sikupandisha sauti, na yeye hakupandisha. Alisema anauheshimu uamuzi wangu. Nilipokata simu nilikaa nayo mapajani kwa muda. Nilikuwa nangoja ajisikie vibaya, apige tena. Hakupiga.

Aliyepiga ni Beth, akaacha ujumbe kwamba wamenitunzia kiti kwa onyesho la jana mchana, kama nitajisikia. Loretta alisema yeye haingii mle hata kwa kulipwa, lakini atanipeleka. Aliegesha ng'ambo ya barabara, akaacha hita inawaka, akafungua gazeti lake la michezo.

Nilikaa safu ya nyuma. Watu walijaa. Kipande cha Haika hakikuwepo kabisa. Badala yake zikazimwa taa, ngoma ikaanza, na sauti ya Meredith ikasema tukio hili linatolewa kwa niaba ya dada yetu aliyenyamazishwa.

Halafu akaingia Beth, na sanduku.

Alikuwa amejifunga kanga yangu, niliyoisahau kwenye chumba cha mavazi, maandishi yake yakiwa juu chini. Akazunguka, wanawake wakampa kisogo mmoja mmoja, yeye anawashika mabega anawaita "dada, dada". Alitamka vizuri, lazima niseme. Alikuwa amefanya mazoezi.

Niliangalia kama ninavyoangalia runinga ya wazee kazini. Nilijua ni mimi ndiye ninayeonyeshwa, lakini sikumwona mtu yeyote ninayemfahamu. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa analia. Akanipa karatasi ya kufutia machozi, nadhani kwa adabu tu.

"Ni kisa cha kweli, unajua," akaninong'oneza.

"Nimesikia," nikamwambia.

Baada ya makofi watu wakatoka ukumbini kwenye divai na jibini. Nilikuwa nimekusudia kuondoka moja kwa moja. Sikuwa na mpango. Lakini picha ziko palepale mlangoni, na nilipofika nikasimama, nikainua yangu kwenye msumari. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Nikaiegemeza mguuni, nikaishusha na ya Loretta.

Mazungumzo yakapungua. Meredith akaja na glasi yake mkononi.

"Ndeshi. Hizo ni sehemu ya historia yetu."

"Nazichukua."

"Tungeweza kulizungumza hili pamoja, taratibu."

"Tulishazungumza," nikasema. "Nilikuomba usiweke sura yangu. Nikakuomba mahali pa kulala. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona huruma usoni mwake, nikapendezwa. Alikuwa mtu aliyeudhika, wa kawaida kabisa. Tungeanzia hapo tangu mwanzo pengine tungefika mahali.

Kuna mtu nyuma akaanza kupiga makofi. Alidhani ni sehemu ya onyesho. Wengine wawili watatu wakamfuata. Nikasukuma mlango kwa mgongo, nikatoka na picha zote mbili. Kanga niliiacha. Sikutaka kumvua mtu nguo.

Nikavuka barabara.

Loretta alishusha kioo, akaichukua picha yake, akaiegemeza kwenye usukani mbele yake. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Nilikuwa mwembamba," alisema. Akaitupa kiti cha nyuma, akawasha gari.

Kitu kimoja lazima nikiri. Nitalikosa jukwaa. Sitawakosa wao, lakini ile sekunde kabla ya kufungua mdomo, watu wakiwa gizani wanangoja, nitaikosa vibaya sana. Sijui mtu kama mimi anaipata wapi kwingine katika mji huu. Loretta anasema wenzake wa karakana ya mabasi hukutana Saint Paul kila mwezi, kila mtu anapanda anachekesha, hakuna anayeulizwa habari zake. Nilimwambia siwezi kuchekesha kwa Kiingereza. Akasema hata wao hawawezi.

Leo sikwenda ibadani. Ni Jumapili ya nne sasa. Nilikuwa nafua wakati simu ilipolia, Loretta akapokea, akaniambia kuna mtu anaongea polepole kama yuko maktaba.

Alikuwa Dada Upendo. Sijui namba ameipata wapi, nadhani kazini kwangu. Nikamwamkia, akaitikia. Akauliza nakula nini. Akauliza huyo mama ninayekaa kwake ni mtu wa heshima. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni, halafu hakumalizia, nikamwambia hapana, dada, ni mwenye nyumba wangu tu. Nikamsikia anashusha pumzi. Akaniambia alto imeharibika, Mama Glory anaivuta kwenda juu. Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka, lakini hakukata simu.

Kisha akasema Jumatano anatoka kazini mapema, atapita Richfield, na je, pale karibu na kazini kwangu kuna mahali pa kukaa watu wawili. Hakusema kwa nini. Sijui anakuja kuniombea, au kunirudisha, au kuniona tu. Pengine hata yeye hajui. Shemeji hajaambiwa.

Nikamtajia mgahawa mdogo kando ya kituo cha basi.

Loretta anataka laini ya simu, kwa hiyo nafunga kompyuta. Kesho na keshokutwa ni za kazi tu, zitapita. Jumatano nitatangulia kufika, nikae pale panapoonekana kutoka mlangoni.